Vitabu Vyangu Haviondoki

Jumatatu, 3 Machi
Vita vimetangazwa. Mama mkwe amevunjika mguu. Jumamosi anatoka hospitali na kuja kukaa kwetu, na kitanda cha chumba kidogo kimejaa vitabu vyangu. Mke wangu kasema nivisome au viondoke: ambacho hakijasomwa ifikapo Jumapili kinakwenda maktaba ya mtaa, na mbebaji ni mimi. Nikamwambia vitabu si viazi, haviozi. Kasema hata viazi huliwa.

Mimi! Kinyozi pekee mtaani mwenye maktaba nyumbani! Kununua nimenunua. Kusoma ni suala la nafasi tu.

Penye nia pana njia. Maktabani kumebandikwa tangazo la shindano: unasoma vitabu vilivyokulalia nyumbani, hununui kipya, na Jumapili unasimama mbele za watu kuvisimulia. Atakayemaliza rundo lake ndiye mshindi. Nikajiandikisha kwa herufi kubwa. Shemeji naye, kaka wa mke wangu, fundi wa friji na fundi wa kunikera, akajiandikisha chini yangu. Ana kitabu kimoja! Cha ufugaji wa nyuki! Hana hata nzi wa kufuga! Nikapinga. Mkutubi, mama mwenye sauti ndogo inayotisha kuliko kelele, kasema rundo ni rundo.

Tutaonana.

Jumanne, 4 Machi
Mkakati wa kwanza: kusoma kazini. Mkono wa kushoto riwaya, wa kulia mashine. Mambo yalikwenda vizuri mpaka jambazi alipoingia dirishani, ukurasa wa pili. Nilishtuka. Mashine nayo ikashtuka. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akapata barabara kutoka paji la uso hadi kisogoni.

Nikamshauri tuondoe nywele zote, ndio mtindo wa sasa. Kakubali. Hakuwa na njia nyingine. Njia ilikuwa ileile moja, kichwani. Kaondoka anang'aa kama yai, ananung'unika. Lawama za bure. Msomaji wa kweli huguswa na anachosoma.

Jumatano, 5 Machi
Mkakati wa pili: kuanzia ukurasa wa mwisho. Kabla ya chai nimewajua wauaji wanne. Waliouawa bado siwajui.

Mkakati wa tatu, kiboko yao: nimempa Shemeji zawadi! Riwaya nene kuliko zote, ya mjane fulani, inaweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nimeifunga kwa karatasi ya maua. Rundo langu linapungua, lake linakua! Nikamwambia nimeisoma mara mbili, nimeililia mara tatu. Kanikumbatia, macho yamemlowa. Nikaona haya. Ikapita.

Jioni mke wangu kasema jambo, nikaitikia "mm". Kasema vitabu havichukii, anachokichukia ni kuolewa na jalada. Tangu juzi ananieleza anavyohofu kwamba mguu wa mama yake hautapona, nami namjibu "mm", wala ukurasa haugeuki. Nikataka kujitetea. Ndipo nikaona kitabu nimekishika kichwa chini miguu juu.

Hapo palinichoma. Nikaenda nikakaza miguu ya kitanda kile, kinayumba, mama atatikisika. Vitabu nikavishusha sakafuni. Kwa muda tu! Asije mtu akadhani nimesalimu amri.

Alhamisi, 6 Machi
Mteja wangu mmoja ni mtangazaji mstaafu wa mpira. Tumeafikiana: mimi namnyoa, yeye ananisomea. Nani alisema lazima macho yawe yangu?

Hadithi ya mapenzi akaitangaza kama fainali. Binti anapokea barua! Anaifungua! Anasita! Watu wakajaa mpaka mlangoni. Baba wa binti alipotokea nyuma ya pazia, kuna aliyedai kaotea. Pale penyewe, mtangazaji kafunga kitabu, kasema ana miadi. Na binti hajajibu! Nikamwambia basi nami upande wa pili wa kichwa siugusi mpaka binti ajibu.

Kaondoka na nywele upande mmoja. Mtu mwenye msimamo. Mimi pia ninao.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kawasili kwa magongo, na kwapani riwaya ya mjane! Shemeji hakuifungua hata karatasi. Aliipeleka moja kwa moja hospitali, akampa mama yake. Na mama kaimaliza. Kasema amefurahi kusikia mkwe wake aliililia, sasa amepata mtu wa kuzungumza naye.

"Hasa ulilia wapi, mwanangu?"

"Mwishoni, mama. Pale mjane anapoolewa na daktari."

Akanitazama juu ya miwani. "Daktari si ndiye marehemu mumewe? Amezikwa sura ya kwanza."

"Ndiyo maana nililia, mama."

Shemeji alicheka mpaka akaporomoka juu ya vitabu vyangu. Mama alicheka akashika mguu. Na mke wangu! Sijamsikia akicheka hivyo tangu ile simu ya hospitali. Nikawaachia wacheke, ni sadaka. Ila sikukiri kitu.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kashinda. Kasimulia nyuki wake mpaka watu wakaanza kujikuna. Kapewa mkoba wa kitambaa na makofi. Zamu yangu nikasimama, nikatangaza kwamba sijashindwa, nimechelewa kushinda. Makofi yalikuwa machache lakini ya watu wenye akili.

Nyumbani mke wangu alikuwa na maboksi tayari. Mama mkwe kaweka gongo kukinga mlango: hakitoki hata kimoja, mguu utachukua miezi, atavisoma vyote, na kila mlo wa jioni tutavijadili, yeye na mimi. Ushindi! Nilisema haviondoki, haviondoki! Mke wangu kasema asiyeondoka ni mama, vitabu ni wapambe wake tu. Maneno ya aliyeshindwa.

Mkutubi katangaza shindano jingine, la kuandika kitabu. Nimejiandikisha wa kwanza. Changu kitawafundisha watu namna ya kumaliza vitabu walivyonavyo. Jalada nimeshalichora, na picha yangu ipo katikati.

Kilichobaki ni ndani tu.