Matanga ya Pétronille

Jumatatu, 3 Machi 1986

Pétronille bado yuko Moba kwa dada yake. Kisa? Nilisifu sombe ya jirani yetu Mama Julie, kisamvu kitamu, mbele ya wageni. Akanuna, akapanda meli, basi! Nimwombe msamaha? Thubutu! Ila silali, na chakula hakishuki. Kumbe jioni, kwenye phonie ya misheni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, wenye moyo mzito wa hapa Kalemie, Moba na Pepa wanatiana moyo. Jina la uongo ruksa. Na shemeji yangu huko Moba hapitwi na neno la phonie! Nitalia huko mpaka mke wangu anihurumie, arudi.

Jumanne, 4 Machi

Jana jioni nikajiita Yatima wa Ziwa. Nikaeleza kitanda kilivyo kipana. Papa Déogratias wa Pepa akasema naye halali, huwasha taa akakaa, kwa hiyo siko peke yangu. Nikarudi, nikalala fofofo. Ujinga gani huu! Sikwenda kupona. Isitoshe, kabla sijaondoka, Norbert, mvuvi mwenzangu, akashika mikro kumlilia ng'ombe wake aliyekufa. Moba nzima ikampa pole. Mimi, hata moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimetangaza kwamba mke wangu amekufa. Wote wamelia. Norbert amepenga kamasi. Ushindi!

Alhamisi, 6 Machi

Uani mikeka imejaa! Kwenye phonie lazima upige kelele, na waliongoja zamu nje walisikia. Msiba huja kwa phonie siku zote, nani angeuliza? Wamekuja kukaa matanga. Wanakula ndakala zangu, zile dagaa za ziwani. Nikisema Pétronille yuko hai, wananishika mabega, eti ni uchungu, nitazoea.

Jioni nikakimbilia phonie kusahihisha. Sauti ikatoka Moba: "Papa Ignace, marehemu njo miye. Nilishafunga mizigo nirudie Jumamosi. Sasa nimefungua. Ukinitaka, ukuye wewe mwenyewe, useme pardon na kinywa yako, na jina yako ya kweli. À vous!"

Sauti yake! Ikawa zamu yangu kusema. Nilitaka kulia kweli, lakini Norbert alikuwa ananitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Ndakala zimeisha, waombolezaji bado wapo. Kwenye phonie Papa Déogratias ananisihi nipande meli, nimwombe msamaha, ni neno moja tu. Rahisi kwake! Nimefikiri sana. Kosa langu ni moja: nilikosea maiti. Kesho mdogo wangu Kizito atatangaza kwamba nimekufa mimi. Mikeka iko tayari. Mke gani atakosa matanga ya mume wake?