Mshono Mmoja wa Marselino

Sumbawanga nzima hakuna mwanamume aliyewahi kumfungia mama mkwe wake uani kwa chuma cha moto, mchana kweupe, huku mkwe mwenyewe akimpigia vigelegele. Ni Marselino peke yake! Sisi wengine wakwe zetu tunawafungia kuku na unga wa ulezi wa kwenda nao nyumbani, basi.

Mimi ni Mama Rahel, jirani yake, ukuta kwa ukuta. Haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu, nimesimama juu ya kinu nilichokipindua, kidevu kimekaa juu ya ukuta wa watu.

Marselino alikuwa karani wa ushirika. Ilipokuja miaka ile ya ruksa, kila mtu afanye biashara yake, ushirika ukafa kifo cha kuku wa mdondo, naye akapunguzwa kazini. Wenzake walishika kiinua mgongo wakafungua magenge, wengine wakaanza kununua mahindi vijijini. Yeye akapanda gari mpaka Tunduma, akarudi na mashine ya kuchomelea! Tena si hii ya vijiti tuliyoizoea mjini. Yake ilikuwa inatema waya mdomoni kama buibui, na ubavuni ina mtungi wa gesi. Mtumba wa Ulaya huo.

"Mama Rahel," akaniambia huku akiifuta vumbi kwa shati lake la kazini, "vijiti ni mambo ya zamani. Sasa ni soko huria! Hii unabonyeza tu, inashona yenyewe kama cherehani."

Neno cherehani angeliacha tu, maana cherehani ya mkewe, Scola, ndiyo aliyoiuza kimyakimya kununulia ule mtungi. Scola alikuwa akishona sare za shule, na watoto walikuwa wanakula.

"Na umejifunzia wapi, Baba?" nikamuuliza.

"Kujifunza! Babu yangu alikuwa anayeyusha chuma kwenye tanuru. Sisi Wafipa chuma kiko damuni!"

Mimi pia ni Mfipa. Babu yangu naye alichochea tanuru, na damuni mwangu sijaona hata sindano.

Muuzaji wa Tunduma, Mungu amjalie, alikuwa amemwonya. Alimwambia ile gesi ndiyo inayofunika chuma kikiwa kimeyeyuka kisiguswe na hewa, kwa hiyo asichomelee penye upepo. Marselino alikuwa anatusimulia hilo huku anacheka mpaka anashika mbavu. "Upepo unazima kibatari! Utazimaje umeme?"

Na mwezi ulikuwa wa saba. Anayeijua Ufipa mwezi wa saba anajua upepo wake. Unavua kofia, unavua kanga, siku nyingine unataka kuvua na bati. Bwana mkubwa akaweka karakana yake katikati ya uwanja, peupe, ili wapita njia wamwone getini!

Siku ya kwanza alichomelea amevaa miwani ya jua. Ilikuwa mizuri sana, ya mtumba. Kesho yake macho yalimvimba yakawa kama maandazi, analia kwamba yamejaa mchanga. Jumapili Scola alimwongoza kanisani kwa mkono, vipande vya viazi vimefungwa machoni kwa kitambaa. Watu wakasogea wampishe wakidhani ni kipofu kaja kuombewa.

Akapona, akanunua kinyago cha mafundi, akaendelea. Mishono yake, mama yangu! Ilitoka na matundu kama mkate uliozidi hamira. Kiti alichokiunga kiliachia kabla hakijakaliwa. Akalaumu waya, akalaumu umeme. Mwisho akasema karogwa. Sumbawanga hii mtu akijikwaa karogwa, mahindi yakiungua jikoni karogwa!

Halafu akakumbuka mwiko. "Wazee wakiwa kwenye tanuru hawakulala na wake zao," akamtangazia Scola. "Ndiyo maana chuma kinanikataa." Akahamishia kirago chake stoo, pembeni ya mtungi. Scola akampelekea na blanketi la pili, asije akapata sababu ya kurudi.

Basi chuma kikaendelea kukataa. Bundala, Msukuma wa watu mwenye ng'ombe kule bondeni, akaleta plau lake mkono umekatika. Marselino akaliunga kwa mbwembwe zote. Tuta la kwanza tu la bustani yake ya kiangazi, Bundala akabaki ameshika mkono wa plau kama mtu aliyeshika fimbo ya kutembelea, plau lenyewe linakwenda zake na maksai.

Siku hiyohiyo Scola alimaliza kupika, akafungua kabati achukue cherehani yake aliyoihifadhi tangu shule zilipofungwa, akakuta hewa. Hakupiga kelele. Alifunga nguo, akachukua watoto, akaenda kwao Mwimbi. Nami nilimsaidia kubeba mzigo mpaka stendi, sioni haya kusema.

Hapo ndipo Marselino alipopata akili kidogo. Nyumba bila Scola ilikuwa pango. Alikula ugali mbichi, akaoga anapokumbuka. Jioni moja nilimsikia uani anaiambia mashine, "Umeniponza wewe." Nilimwonea huruma, nikampelekea maharage. Alipoyamaliza akaanza tena kunieleza habari za soko huria. Nikachukua bakuli langu.

Akatuma watu kuomba radhi. Kwetu mke aliyekimbilia kwao harudi hivihivi. Wakubwa wake wanatangulia kuja kutazama, wakiridhika ndipo anaitwa. Akaja mama mkwe, Mama Bertila, mwanamke wa miraba minne na sauti ya kengele ya parokia. Akaja na mjomba Adriano na mashangazi watatu. Scola wakamwacha kwangu jikoni, asubiri hukumu.

Marselino akapiga goti mbali, macho chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe wake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, mimi sikuja kula. Cherehani ya mwanangu umeigeuza kuwa hicho kidude. Sawa. Nionyeshe chuma kimoja tu ulichokiunga kikashika. Kikishika, Scola ataingia. Kisiposhika, tunaondoka naye."

Uwanja mzima haukuwa na chuma kizima. Mama Bertila akatazama huku na huku, akalinyooshea kidole geti, ambalo bawaba yake ya chini ilikuwa imeachia na geti linapigapiga kwa upepo. "Unga hiyo. Na geti ulifunge kwanza, tunaganda!"

Marselino akalifunga, akavuta mashine, akapiga magoti. Na wakwe, kwa kuwa wote walitaka kuona asije akafanya ujanja, wakamzunguka bega kwa bega, mablanketi yao ya safari wameyatandaza mabegani. Upepo ungepita wapi? Hata sisimizi asingepita!

Akabonyeza. Jamani! Nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia uani kwake, mlio laini kama nyama inayokaangwa kwa mafuta mengi. Moto ukatulia. Mshono ukatoka umenyooka, unang'aa.

"Unashika!" akapiga kelele ndani ya kinyago. "Mama, unashika!"

"Naona, baba, naona!" Mama Bertila akapiga vigelegele, mashangazi wakapokea.

Bawaba ilihitaji mshono wa kidole kimoja. Lakini mtu ambaye hajawahi kupendwa na chuma, siku akipendwa ataachaje? Mkono ulipata utamu. Akamaliza bawaba, akashuka nao kwenye upenyo wa geti na nguzo yake ya chuma mpaka chini kabisa, akapanda nao mpaka juu, kila mahali anashona, na vigelegele vinamtia wazimu. Nilipiga kelele, "Baba, inatosha!" Nani anisikie?

"Nimeridhika," Mama Bertila akasema, machozi ya furaha yanamtoka. "Scola aitwe!"

Scola akatoka jikoni kwangu, amejifunga kanga mpya, anakaribia kukimbia. Alitaka kurudi kwake, masikini. Akafika getini, akasukuma. Mumewe akavuta. Geti likatulia tuli kama ukuta.

"Fungua basi," Scola akasema.

"Nafungua," Marselino akajibu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

Mjomba Adriano akapanda ukuta, akaangukia upande wa pili na suruali iliyochanika. Lakini Mama Bertila! Mama mkwe akwee ukuta mbele ya mkwe? Na huyo mkwe amsukume kwa wapi, hata mkono hampi? Thubutu!

Bahati Bundala alikuwa anapita na mkokoteni, anapeleka magunia sokoni. Nikamwita. Akachungulia, akamwona Marselino, akakumbuka plau lake. Akacheka kwanza, akacheka tena, ndipo akafunga kamba kwenye geti.

"Mayu, mama yangu, sogea," akamwambia Mama Bertila. Akawapigia maksai mbinja.

Maksai wakavuta. Nikasema sasa mshono utaachia, nimjuavyo Marselino. Ng'o! Likaja geti, ikaja nguzo, ikaja nguzo ya pili, na ukuta wa matofali wote wa mbele ukalala barabarani, puu! Vumbi lilipotulia, Marselino alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi, anaupapasa mshono.

"Haujaachia!" akalia kwa furaha. "Scola, mke wangu, tazama! Mzima!"

Scola akamtazama mama yake. Sote tukamtazama yule mama, aliyesimama kwenye vumbi, mweupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

"Nilisema kikishika Scola ataingia," Mama Bertila akasema polepole. "Kimeshika. Mwanangu, ingia, nyumba ni yako. Ukuta na cherehani vitalipwa." Kisha akamgeukia mkwewe, kwa upole kabisa. "Wewe, baba, chukua koti. Lori la Mwimbi linaondoka saa nane. Nina shamba la ulezi linalotaka mtu wa kufyeka mpaka mvua zianze, na baada ya hapo kulima."

Marselino akatazama kifusi, akamtazama Scola, ambaye tayari alikuwa anafagia mlangoni. Akaweka mkono juu ya mtungi wake wa gesi.

"Sawa, mama. Na mashine yangu, je?"

"Iache hapo. Mwimbi hatuna umeme."