Kuhusu Kifo Changu Kilichotangazwa na Kompyuta Zenu

Likasi, tarehe 11 Julai

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya Jina Letu, waandikishaji wa majina ya mtandao,
Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu ambaye, kwa mujibu wa kompyuta zako, hawezi tena kumsalimia mtu. Mimi ni Kalombo Sylvestre, mkodishaji wa viti na maturubai kwa arusi na matanga hapa Likasi. Miaka mitatu iliyopita mliniandikishia jina kalombo.cd, lenye mkia wa nchi yetu, na kila mwaka nililihuisha bila ugomvi. Mwaka huu nilisahau. Kusahau nakiri. Kufa sikiri, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mlitangaza kifo changu bila daktari. Jumanne asubuhi, mahali palipokuwa na picha yangu nimevaa koti, pakatokea ukurasa mweusi wenye maandishi meupe: KALOMBO.CD A EXPIRÉ. Najua mlitaka kusema muda wa jina umekwisha. Lakini neno hilohilo la Kifaransa ndilo linalosemwa juu ya mtu aliyekata roho, na hapa kwetu watu wanakata roho mara nyingi kuliko wanavyohuisha majina.

2. Jirani yangu Benoît, mstaafu wa reli na mtu wa kusoma sana, ndiye aliyeuona ukurasa huo kwanza. Alipofika kwenye herufi CD alisita, akafikiri, akapata: cher défunt, yaani mpendwa marehemu. Basi habari ikakamilika: Kalombo, mpendwa marehemu, amekata roho. Akaituma kwenye simu za avenue nzima. Simlaumu. Mngenipa mkia mwingine asingefika mbali hivyo.

3. Siku hizo nilikuwa katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, nimepeleka viti vya arusi, mahali ambapo simu ni ya kutazamia saa tu. Niliporudi Alhamisi usiku nikakuta turubai limefungwa mbele ya lango langu, makaa yanawaka kwenye mbabula, watu wamejifunika mablanketi kwa baridi. Turubai langu. Viti vyangu. Kwa mazoea ya kazi nikamuuliza mama mmoja wa kwaya yetu ni nani amefariki. Akanijibu bila kugeuza kichwa:

"Ni Kalombo, mwenye viti. Ikala, papa."

Nikakaa. Nilitaka kusimama nisahihishe, Bwana Mkurugenzi, lakini walikuwa wananisifu. Walisema sikuwahi kuchelewa hata katika msiba wa mtu maskini. Miaka thelathini nimeishi na watu wale, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Kisha mzee mmoja akasema viti vyangu vimempasulia suruali mbili, na hapo nikakohoa.

4. Mke wangu Georgette alikijua kikohozi. Alitoka kwenye mkeka, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akalitazama jicho hili, akalitazama lile, halafu akanizaba kofi.

"Siku mbili minye nalia, hata sauti ilishaisha, na weye uko naikala tu apa na bantu?"

Kofi lile lilikuwa la ofisi yenu. Mimi nililipokea kwa niaba.

5. Benoît hajakubali mpaka leo. Nilimpa mkono, akaupokea, akasema ni wa moto. Kisha akafungua simu yake na kunionyesha ule ukurasa. "Weye unasema uko muzima. Ni muzuri. Lakini minye nilisoma. Weye uko na karatasi gani?" Sina. Nayo kwaya imekwisha kumpa mtu mwingine nafasi yangu ya besi. Wanasema anaimba kuliko marehemu, na hawaoni sababu ya kumwondoa kwa ajili ya mtu ambaye hali yake haijathibitishwa.

6. Nikapiga simu kwenu. Bi Gaëlle, mtu mwenye adabu, alinieleza kwamba jina langu sasa limo katika kipindi cha neema. Likipita hapo litaingia kipindi cha ukombozi. Likishindwa na hapo litafutwa moja kwa moja. Nilimsimulia padri wetu. Akauliza mnasali wapi. Bi Gaëlle akaongeza kwamba ni mwenye jina peke yake awezaye kulihuisha, kwa kujibu barua mliyotuma kwenye sanduku lake la mtandao. Sanduku hilo ni la kalombo.cd. Lilizimika pamoja nami. Nikamwambia: "Mama, unataka marehemu ajibu barua aliyozikwa nayo?" Akajibu kwamba utaratibu ni huo: "Ndiyo, papa. Njo procédure."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima yote: jina langu lihuishwe leo hii, na kwa miaka mia moja mbele, ili nitakapokufa tena iwe kwa sababu zangu mwenyewe. Neno expiré lifutwe ofisini kwenu, muandike "amesafiri". Nipewe cheti cha uhai chenye muhuri mkubwa, ambao Benoît ataweza kuusoma bila miwani. Na mwakilishi wenu aje Jumapili kuniombea besi yangu. Mkikataa, nitapanda gari mwenyewe hadi Lubumbashi, tuone mapokezi yenu yatampokeaje marehemu.

Nisalimie Bi Gaëlle, mafundi wa kompyuta, mlinzi wa mlangoni, na wote nyumbani kwako walio hai na wanaoaminika kuwa hai.

Wako, ninayepumua,
Kalombo Sylvestre

Baada ya sahihi: Nilikuwa nafunga bahasha simu ya Georgette ilipolia. Ni Reine, binti yetu wa kwanza, aliyeolewa Kambove na mwanamume niliyemkataa mbele ya watu. Miaka minne hajakanyaga hapa, wala mimi kwake, na Kambove si mbali. Viti nimepeleka mpaka nyumba ya pili kutoka kwake. Ameuona ukurasa wenu leo. Hata mimi, ng'ambo ya meza, nilimsikia analia simuni. Anasema atakuja kesho na mtoto wake, ambaye sijawahi kumwona. Georgette aliziba simu kwa kiganja, akanitazama. Najua nilichopaswa kusema. Nilitikisa kichwa, asimwambie. Akamwambia: "Kuya, mama. Tunakungoya."

Basi, Bwana Mkurugenzi, chana yote niliyoandika hapo juu. Kama maandishi yale yanaweza kukuzwa, yakuzeni. Gari la Kambove linafika saa nne. Mpaka ashuke, nawaomba, niacheni marehemu.