Matoazi Yenye Mstari Mmoja

Kurugenzi ya Kuratibu Mishindo inayo furaha kuutangazia umma wa Bujumbura kwamba ngoma, manyanga na matoazi yote sasa yatatambuliwa na kompyuta. Mimi, Adolphe, ndiye mkurugenzi wake wa kwanza. Niliteuliwa kwa sababu sipigi chombo chochote, kwa hiyo sina upendeleo.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Tulinunua programu ya kuandika noti, tukaingiza wimbo wa bendi yetu, chombo kimoja kimoja. Tarumbeta ikajipanga vizuri kwenye mistari yake mitano. Tromboni nayo mitano. Yakaja matoazi, zile sahani mbili za shaba anazogonganisha Bi Sijaona: mstari mmoja! Tena juu yake misalaba mitupu. Kwenye kisanduku cha sauti, wenzake walipokuwa na do na re, hapakuwa na kitu. Aliyewahi kukaa ofisini anajua kwamba kisanduku kitupu ni ugonjwa. Nikamwita.

"Mama, wenzako wako na mistari tano. We uko na moja. Unafanya kazi sehemu moja ya tano."

"Mukubwa, simbali haina do, haina re. Iko na kishindo tu."

"Utafute do."

"Nitaitoa wapi? Mi niko mu hii bendi miaka kumi na moja." Akajishika kifuani. "Kule soko ya Jabe nauzisha masufuria juu ya kupata chakula. Huku ndiko roho yangu inafurahi. Munanifukuza juu ya mustari?"

Nakiri nilimwonea huruma, ila huruma haina kisanduku. Nikaifuta sehemu yake, nikayafungia matoazi kabatini. Ukurasa ukapendeza.

Siku ya uzinduzi ikafika, katika ukumbi mmoja wa Jabe unaotazamana na soko. Itifaki niliiandika mwenyewe, kifungu cha nne: mgeni rasmi hashuki garini mpaka matoazi yalie. Gari la Waziri likafika, bendi ikapiga. Mlango haukufunguka. Wakarudia. Mara ya tatu tarumbeta ya kijana wetu Jordan ikaanza kukohoa, nami nikaenda dirishani.

"Mheshimiwa, karibu ushuke."

"Simbali iko wapi?"

"Haina do, Mheshimiwa."

"Kifungu cha nne ni cha nani?"

"Changu."

"Basi tukiheshimu. Dereva, funga kioo."

Tukakiheshimu kwa saa moja na dakika kumi, juani, kwa kuwa chombo kilichofutwa hakitoki kabatini bila fomu.

Sasa, pale sokoni hakuna anayenunua mifuniko bila kuisikia. Muuzaji huigonganisha miwili, mteja ajue haina ufa. Ng'ambo ya barabara mama mmoja akaomba mifuniko ya sufuria kubwa. Sijaona akainua miwili, akaigonganisha kwa mkono wa miaka kumi na moja. Paah!

Mlango wa gari ukafunguka. Waziri akashuka, akanyoosha koti, akavuka barabara kwa mwendo wa gwaride hadi kwenye kibanda cha masufuria. Akakata utepe, yaani kamba iliyoning'iniza vijiko. Akasoma hotuba nzima, kurasa tisa. Mwisho akampa mkono Sijaona, aliyesimama mbele yake, na kumpongeza kama mkurugenzi, huku wapiga picha wakipiga.

Niliandika barua ya masahihisho. Nikajibiwa kwamba Wizara haizindui mara mbili.

Ndiyo maana sisi watumishi sita wa Kurugenzi tunaripoti Jabe kila asubuhi, tukitia sahihi daftari la mahudhurio katikati ya masufuria. Amri ya kwanza ya Mkurugenzi Sijaona ilikuwa kujirudisha kwenye bendi. Ya pili, kila mtumishi alete ripoti ya wiki. Jana nilimkabidhi yangu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandika: "Wiki imekwenda vizuri."

Akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Adolphe," akasema kwa upole, "wenzako wako na mistari tano. We uko na moja."