Wanafunzi Wangu wa Kaagya

Jumatatu, 7 Julai 2025
Ukungu umelala juu ya ziwa tangu asubuhi. Nimekaa barazani hapa Nshambya na kuota mchana kweupe. Nimevaa joho! Shahada ya Uzamili, Uongozi wa Elimu na Elimu ya Watu Wazima. Kisha naingia ofisi ya Afisa Elimu kule Muleba. Mapazia ya kijani. Watu wanasimama, wanasema karibu Bwana Byabato. Upepo unapita kwenye migomba na mimi nasikia makofi.

Mke wangu Joviana akanizindua. Aliuliza darasa langu la kisomo kule Kaagya linaendeleaje, maana Dokta Kokubanza, msimamizi wa utafiti wangu, anakuja kulikagua Ijumaa. Bila darasa hakuna shahada. Nikamjibu linaendelea vizuri sana. Ukweli ni kwamba halina mtu. Mwanzoni wakulima walijaa, nikawafundisha nadharia za uongozi shirikishi kabla ya herufi a. Wakaaga kwenda kuchuma kahawa, hawajaonekana tena. Watu wazima hawana subira!

Jumanne, 8 Julai
Nimekutana mjini na Rugaibula, ambaye tunasoma pamoja. Darasa lake liko Muleba. Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba bibi mmoja wa kwake amesoma jina la duka kwa mara ya kwanza na akalia. Nikamwambia wangu wanalia kila siku. Nina wivu kweli.

Halafu, nikishuka kuelekea sokoni, wazo likanijia taratibu, tamu kabisa. Kwa nini nihangaike na wasiojua kusoma? Wanaojua wapo tele, tena wana nidhamu.

Jumatano, 9 Julai
Kaagya. Nimezungumza na akina mama wa kwaya ya Kilutheri. Niliwaomba wajifanye hawajui kusoma, Ijumaa tu. Kiongozi wao, Mama Edvina, aliuliza kwa heshima ya Kihaya, waitu Mwalimu, hiyo siyo dhambi? Nikamfafanulia kwamba kitaalamu inaitwa igizo dhima. Akakubali. Nikaahidi kila mmoja mkungu wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, kutoka kibanja cha migomba cha Joviana. Joviana atashirikishwa baadaye.

Alhamisi, 10 Julai
Mazoezi. Vipaji vya ajabu! Magdalena, aliyekuwa katibu muhtasi mjini hadi alipostaafu, alishika kitabu juu chini akakikunjia uso kwa huzuni ya kweli. Tatizo dogo: wakisoma ba, be, bi, wanazigawa kwa sauti nne. Nikawaomba wapunguze utamu.

Jioni nilipita ufukweni. Maji yametulia, visiwa vinaelea kwa mbali, na mimi naelea navyo. Nimeona jina langu mlangoni kwa herufi za dhahabu. Rugaibula alikuwa nje, anabisha hodi. Sikumfungulia.

Ijumaa, 11 Julai
Ole wangu.

Mambo yalianza vizuri mno. Dokta alikaa nyuma. Mama Edvina alihangaika na herufi b mpaka jasho likamtoka. Magdalena alipofanikiwa kusoma "baba", Dokta alitoa leso. Nilishaanza kusikia makofi.

Kisha Dokta, mtoto wa mchungaji, akasema tufunge kwa wimbo. Akataja namba.

Mikoba ikafunguka! Vitabu vya nyimbo vikatoka, kurasa zikafunuliwa, na darasa zima likawa limesimama na kusubiri kabla Dokta hajapata miwani yake. Niliwakonyeza, nikakohoa, nikapunga mikono. Wakadhani naongoza wimbo. Waliimba beti zote macho kitabuni, na Dokta alipopotea katikati, Magdalena alimwonyesha mstari kwa kidole.

Dokta aliimba mpaka mwisho, maana wimbo haukatwi. Halafu akaniita nje. Alisema, kwa upole, kwamba ananipa hadi Septemba niwe na wanafunzi wa kweli, la sivyo jina langu linaondolewa chuoni. Ule upole ndio ulioniuma zaidi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 13 Julai
Nimetubu ibadani, kisha nimetafakari kosa langu kwa undani. Nimelipata. Ni mikoba!

Mchana nilikuwa Rubafu. Nimepata wazee wa huko, Wakatoliki, watu wa kuaminika, wote wanasoma vizuri. Nimewaagiza Septemba waje mikono mitupu. Tulikuwa tumeanza mazoezi ndipo mzee mmoja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Aliitwa Kamala, mkulima wa kahawa. Alinisalimia kwa heshima, akasema amesikia kuna darasa la wasiojua kusoma, na yeye ni mmojawapo. Binti yake humwandikia ujumbe wa simu kutoka Mwanza, naye inabidi ampelekee jirani amsomee. Mambo yote ya nyumbani kwake kijiji kinayajua kabla yake. Anataka kuyasoma mwenyewe, akiwa peke yake. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na kalamu mpya mfukoni.

Machozi yalinilenga, sifichi. Nikampa chaki aandike chochote anachojua. Akaitazama, akaona aibu, akanirudishia. Hajui hata herufi moja! Nikamfikiria huyu mbele ya Dokta. Angeniharibia darasa zima. Nikamshika mikono miwili, nikamwambia nafasi zimejaa, baba, urudi nikishahitimu.