Jogoo wa Kadibodi na Ushambuliaji wa Korongo

Jumapili, 5 Novemba

Tumepigwa tena. Ishirini na nne kwa tatu. Na hizo tatu ni za teke, maana kuvusha mpira ule mstari wa mwisho kwa mikono kumetushinda kabisa. Mechi ya nne hii bila bao! Korongo wa Chuo cha Waldeck, timu ya mpira wa Kimarekani niliyoishangilia tangu nikiwa na nywele, wanapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Wanasogea tatu. Wanarudi mbili. Wanaanguka. Walinzi wetu hawana neno, wanakaba kama kupe. Tatizo ni ushambuliaji. Nimekuwa fundi bomba miaka thelathini na minane, kitu kilichoziba nakijua.

Humu daftarini niseme kweli: kocha wa ushambuliaji ni Garrett, mume wa binti yangu Renae. Kijana mwema. Anatuondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Lakini mpira anaochezesha, jamani!

Leo walikuja kula baada ya kanisa. Renae hakugusa nyama. Akasema kocha mkuu amemwita Garrett na kumwambia bila kupindapinda: Jumamosi hii mabao yasipopatikana, atafute kazi kwingine. Na kwingine kwenyewe ni Arizona, kwa kaka yake anayeuza matairi. Arizona! Siku mbili kwa gari kutoka hapa Nebraska. Mjukuu wangu Maisie, ana miaka minne, akaniuliza kama huko Arizona kuna babu. Nikaenda jikoni kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Niliporudi Renae akaniapisha. Nisiingilie! Eti hajasahau Septemba, nilipomletea Garrett kurasa arobaini na moja za mbinu nilizochora mwenyewe kwa penseli. Nikaapa, mke wangu Lavonne shahidi.

Saa kumi jioni. Nimetafakari. Niliapa kutomsumbua Garrett. Wachezaji hawakutajwa.

Jumatatu, 6 Novemba

Ala! Mbele ya nyumba ya Renae kumechomekwa kibao: NYUMBA INAUZWA. Hapa kwetu ndivyo mashabiki wanavyomwambia kocha afungashe virago. Renae amelia. Maisie amekipenda, kina picha ya nyumba yenye maua.

Mhusika namjua. Verlyn Pospisil, jirani yangu, dalali wa nyumba aliyestaafu. Kibao kina namba yake ya simu! Nikamfuata. Akaniambia, uso mkavu, kwamba kibao kimeibwa gerejini mwake. Nikamuuliza ni mwizi gani anayebeba kibao na kuacha mashine ya kukatia majani. Akajibu: mwizi mpenda mpira.

Nikasubiri aingie kuoga, nikaking'oa kwa Renae na kukichomeka kwake. Kufika saa sita mchana watu wawili walishampigia kuuliza bei, na mama mmoja kutoka Lincoln alikuwa ndani akipima jiko. Verlyn alimtembeza vyumba vyote! Alitoka anang'aa, akanipungia mkono, akasema hajajisikia hivi tangu astaafu. Nimemfurahisha adui.

Jioni, kipindi cha mpira redioni. Verlyn akapiga simu, akasema mbinu za Garrett ni kiporo, hata shangazi yake aliyelazwa Omaha anajua mpira unakokwenda. Ebo! Nikapiga na mimi. Nikabana pua. Nikasema naitwa Bud, mfuga ng'ombe wa mbali, sina undugu na mtu, na kwa maoni yangu huyu kocha ni hodari, apewe tu muda na ushauri wa wazee. Mtangazaji akasema, "Ahsante, Delmar. Msalimie Lavonne."

Jumanne, 7 Novemba

Mazoezi yamefungiwa watu. Lakini nani humzuia fundi bomba? Nikavaa ovaroli langu la zamani, nikabeba sanduku la vifaa, nikamwambia mlinzi wa getini nimeitwa kwa ajili ya vyoo vilivyoziba. Alinikumbatia. Akasema wamengoja fundi tangu Ijumaa.

Vilikuwa vimeziba kweli. Vitano.

Saa mbili nzima nimepiga magoti. Ila dirisha la choo cha tatu linatazama uwanja, na nikasimama juu ya ndoo nikaona kila kitu. Sasa nimelijua tatizo! Ni vile vibao vya ishara. Kila timu siku hizi inaletewa mbinu kwa kibao chenye picha nne: kambare, trekta, buti, hindi. Picha moja ni ya kweli, tatu ni za kuwazuga wapinzani. Garrett ana vibao vinne kwa mpigo. Hesabu mwenyewe, picha kumi na sita! Na mrushaji wetu, yule anayeanzisha kila shambulio, Kolby Tietz, miaka kumi na tisa, anavitazama kama mtu anayesoma orodha ya vyakula bila miwani. Akishamaliza kusoma, wapinzani wameshamkalia kifuani.

Inatakiwa picha moja tu. Kubwa. Rahisi.

Mlinzi ameniomba nirudi Alhamisi, mabafu nayo yanavuja.

Alhamisi, 9 Novemba

Mbinu yangu ni hii. Tuna kijana anaitwa Sione, kutoka Hawaii, mkubwa kama jokofu la mchinjaji. Apewe mpira, apite katikati, wenzake wamsukume. Basi! Yadi tatu, yadi tatu, yadi tatu, mpaka mwisho. Ishara yake: jogoo.

Nimekata kadibodi ya televisheni mpya, nimechora, nimepaka rangi nyekundu. Lavonne akapita, akasifu birika langu. Nikamwambia ni jogoo. Akainamisha kichwa, akatazama tena, akasema basi ni birika lenye miguu. Akauliza la nini. Nikasema la Maisie. Akanitazama vile anavyonitazama, akarudi kushona.

Saa tano nikamnasa Kolby mkahawani, akila chapati za maji zilizomwagiwa sharubati nzito, mlima mzima. Nikajiketisha. Nikamweleza: Jumamosi ukitupa jicho jukwaani, safu ya tatu, juu ya benchi lenu, ukaona jogoo, achana na vibao vyote, mpe Sione katikati. Akasikiliza vizuri. Akameza. Akasema, "Hilo nalo ni wazo, Bwana Krause."

Nikamuuliza kama tumeelewana. Akasema atalifikiria, na ameshukuru sana, na je, nimeonja hii sharubati?

Amekubali! Lavonne anadai kwamba Nebraska nzima mtu akisema "hilo nalo ni wazo" amekukatalia, na kwamba yeye mwenyewe alinijibu hivyo mara mbili nilipomposa. Lakini si aliolewa?

Ijumaa, 10 Novemba

Renae amepita kuchukua maboksi matupu. Nikauliza ya nini. Akasema, ya tahadhari tu, Baba. Ameanza na vitabu. Maisie amejificha ndani ya boksi moja na kutuambia tumtume Arizona kwa posta, halafu tumrudishe kwa posta.

Sikuweza kucheka. Nilitaka kumwambia binti yangu atulie, babu mtu ana jogoo. Badala yake nikambebea maboksi garini. Nimekuwa mtu mzima sana leo.

Nimempaka jogoo rangi ya pili.

Jumamosi, 11 Novemba

Loo, siku!

Mechi saa saba mchana, dhidi ya Mbweha wa Chuo cha Ashgrove. Upepo wa kukata masikio. Nilikaa safu ya tatu, juu kidogo ya wanafunzi wanaoinua vibao vya Garrett. Lavonne kulia. Nyuma yangu nani? Verlyn! Na kikombe cha supu ya maharage, anainywa kwa sauti.

Jaribio la kwanza, nikainua jogoo juu. Na Kolby akampa Sione! Katikati! Yadi nane! Nikampigia Lavonne kelele sikioni. Akasema hiyo ndiyo mbinu wanayoanza nayo kila mechi. Dakika chache baadaye nikainua tena. Sione tena! Yadi sita! Nikageuka nyuma kumwonyesha Verlyn nani ni nani. Akaniambia nishushe birika, anataka kuona mpira.

Halafu mambo yakaharibika. Kila nikimwinua jogoo, Mbweha wote wanarundikana katikati, kumi na mmoja, kama nzige. Ng'ambo ya uwanja makocha wao wanatunyooshea vidole, wanapiga kelele, wanaelekeza katikati, katikati! Wamejuaje? Msaliti nani? Nilimshuku Verlyn. Mapumziko tuko nyuma, sifuri kwa kumi. Nikamwona Renae safu za mbele, Maisie mapajani, anatazama viatu vyake.

Robo ya tatu Garrett alisimama mstarini, anakuna kichwa. Akawatazama Mbweha. Akatazama wanakotazama. Akageuka polepole, akanyanyua macho, akaniona mimi na jogoo.

Sijawahi kuona uso kama ule kwa mkwe. Nikajisemea yamekwisha, Delmar, kiapo kimejulikana, mtoto huyu hatakuruhusu tena kukanyaga kwake. Nikamshusha jogoo miguuni. Kusema kweli niliona aibu.

Lakini Garrett akainua mikono miwili juu. Akaishusha. Akainua tena, kwa nguvu. Lavonne akanipiga kiwiko: anataka uinue! Mimi? Ananiomba mimi? Mbele ya watu elfu nne? Salale!

Nikainua jogoo mpaka mabega yakalia. Mbweha wote wakarundikana katikati. Nikamlilia Kolby, Sione! Mpe Sione! Yule mtoto akajifanya anampa, akauficha mpira, akaurusha pembeni kabisa, upande wa kushoto, ambako hakukuwa na kiumbe isipokuwa mpokeaji wetu mmoja mwembamba anayekimbia peke yake. Akavuka mstari akitembea. Akitembea! Bao!

Uwanja ulilipuka. Verlyn alinimwagia supu mgongoni na kunikumbatia humohumo kwenye supu, analia, anasema Korongo, Korongo wetu! Mimi nilikuwa na hasira. Jogoo ni katikati! Pembeni nani amemwambia?

Robo ya nne wakarudia. Garrett akanipungia, nikainua, Mbweha wakajazana, mpira ukaenda upande wa kulia. Bao la pili! Kila bao na teke lake ni pointi saba, kumi na nne kwa kumi. Walinzi wetu wakakaba mpaka filimbi. Tumeshinda! Renae alimrusha Maisie juu akamdaka, akamrusha tena. Nilitupa kofia yangu, sijui iko wapi. Nililia, ndiyo, nimelia, tena kwa sauti. Upepo ulikuwa mkali pia.

Jumapili, 12 Novemba

Wamekuja kula. Kocha mkuu alimwambia Garrett jana hiyohiyo, kwenye vyumba vya wachezaji: unabaki, na mwakani unabaki. Renae amekula sahani mbili. Maboksi ameyarudisha yote.

Alinigombeza pia. Kiapo hakikumaliza hata siku moja, Baba! Vyoo, mkahawa, kadibodi, kila kitu ameshajua, mji huu hauna siri. Akagomba mpaka sauti ikamkauka, halafu akaja nyuma ya kiti changu, akanibusu kipara. Sikujua niangalie wapi.

Baada ya hapo Garrett akanieleza. Kwa upole, kwa kutumia njegere. Njegere kumi na moja ni Mbweha, kipande cha karoti ni Sione, kijiko ni mimi. Eti makocha wa Ashgrove kazi yao ni kuiba ishara zetu. Eti walimwona jogoo wangu mara mbili za mwanzo, na kwa bahati mara zote mbili alikimbia Sione, wakadhani wamepata kibao chetu cha siri. Tangu hapo jogoo akipanda wanakimbilia katikati. Yeye alipogundua, akanitumia mimi kama chambo na kupeleka mpira wasikokuwepo. Kolby hakumtazama jogoo hata mara moja. Kolby, anasema Garrett, ana matatizo ya kuona mbali.

Nilisikiliza mpaka njegere zikapoa. Nikamshika bega. Nikamwambia mwanangu, ulifanya vizuri sana.

Maskini. Sitaki kumvunja moyo, ana familia. Lakini timu haijafunga mechi nne, jogoo anapanda, inafunga mara mbili, halafu tuambiwe ni njegere? Kolby alimtii jogoo. Alikosea upande tu, na hilo ni la mazoezi.

Mwisho Garrett akasema kocha mkuu amenitumia salamu za heshima, na kuanzia Jumamosi ijayo nimehamishiwa safu ya hamsini na mbili, juu kabisa, karibu na taa. Lavonne alicheka hadi akashika meza. Maisie alikuwa amelala begani kwangu, mzito, ananuka sharubati, na haendi popote.

Safu ya hamsini na mbili! Huko juu naona uwanja wote. Wasiwasi wangu ni mmoja, kwamba kwa umbali huo Kolby hatamwona jogoo. Baada ya chakula nimeupima mlango wa gereji. Ubao wa jogoo mpya, futi nane, unapita ukilazwa ubavu, na Verlyn ameshakubali kushika ncha ya pili.