Kitufe cha Kijani na Bibi Harusi Aliyekuwa Kanada

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mimi ndiye mpiga picha bora Kigali nzima. Nimepunguza hapo, kwa adabu. Shule niliacha kidato cha pili, walimu walikuwa wameishiwa. Nikimpiga mtu picha, mama yake mwenyewe huuliza huyu mrembo ni nani.

Lakini leo nimechefuka. Silvère! Kibanda chake kimepakana na changu hapa Gisimenti, na yule jamaa hana wazo lake hata moja. Niliweka pazia jekundu, kesho yake naye pazia jekundu. Niliandika mlangoni "Picha Safi Papo Hapo." Leo asubuhi kwake pameandikwa "Picha Safi SANA Papo Hapo." Nilimuuliza kama haoni aibu. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake kwamba mlango iko yake.

Hata hizi programu za simu zimemfundisha tabia mbaya. Moja ilileta picha zinazofutika baada ya siku moja, zile za viduara. Ya pili ikaiga. Ya tatu ikaiga. Sasa zote tatu zinafanana kama mapacha, sijui niko ipi mpaka nitoke. Nangoja kikokotoo nacho kiniulize leo nina picha gani.

Habari njema: dada Aidah, ninayekaa kwake Batsinda, amenipatia kazi. Mwenzake wa ofisini, Yvonne, anaposwa Jumamosi kule Kicukiro. Nikifanya vizuri, na harusi ya kanisani ya Septemba ni yangu. Nikiharibu, mama yake atampa Silvère. Aidah akanikumbusha mara mbili kwamba ameniombea kazi kwa jina lake. Nikamwambia awe na amani. Sijui kwa nini hakuwa nayo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemtegea Silvère mtego. Nimeweka kwenye viduara vyangu picha ya mteja kichwa chini miguu juu, nikaandika kwamba ndiyo mtindo mpya wa mjini. Ataiga, wateja watamcheka, atafunga kibanda arudi kwao. Akili nyingi hizi, wakati mwingine zinaniumiza kichwa.

Jumatano, 6 Agosti

Ameiga. Ndani ya saa moja tu! Na wateja wamependa. Kuna foleni. Watu wazima wamesimama kwenye jua wakingoja kupigwa picha za kichwa chini. Mmoja aliniuliza mimi kama na mimi ninajua kuupiga mtindo wa Silvère.

Mtindo wa Silvère!

Nimemzuia kwenye programu zote tatu. Haoni changu chochote tena. Aibe hewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Daphrose, mzazi wa Yvonne, amekuja mwenyewe kibandani. Mama wa heshima, mkoba mkubwa. Akanieleza mambo ya Jumamosi kana kwamba mimi nimetoka mwezini. Eti msichana hukaa amefichwa ndani. Wageni wa bwana harusi wakija kumwomba, msemaji wa familia, Mzee Gerald, atawaambia hayupo. Atawazungusha kwa maneno saa mbili nzima, watu wacheke, ndipo atolewe nje na shangwe. Mzee Gerald anajiandaa tangu Juni. Ana kurasa saba.

Kwa hiyo, alisema, picha ya Yvonne isitoke popote kabla Yvonne mwenyewe hajatoka. Nikamwambia mama, kwangu siri imelala. Akasema niape. Nikaapa kwa mama yangu aliye Karagwe. Akataka niape tena, mara hii kwa kamera. Huyo mama anajua watu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepiga picha nzuri ajabu ya mwendesha pikipiki akila chapati na helmeti kichwani. Nimeiweka. Nikachungulia kwa Silvère. Hakuiga.

Saa tano, bado. Saa tisa, bado. Alikuwa anakata kucha.

Siku nzima hakuna aliyeniiga. Sijui kwa nini chakula cha leo hakikuwa na ladha. Nadhani Aidah alisahau chumvi.

Jumamosi, 9 Agosti

Yewe!

Nilifika mapema, suti ya kuazima, kamera inang'aa. Getini niligawa kadi zangu kwa wageni wa pande zote mbili, nikahakikisha kila mmoja ananifuata kwenye simu kabla hajakaa. Hata wazee niliwabonyezea mwenyewe. Biashara ndiyo hiyo.

Kisha nikaenda nyuma ya jiko. Yvonne alikuwa hapo kwenye kiti cha plastiki, amevaa mushanana, lile vazi la sherehe, ya rangi ya dhahabu, kitenge kimefungwa shingoni kama bibu ya mtoto, anatafuna burusheti, mishkaki ya mbuzi. Ile ya kwanza kuiva, walimwibia. Mwanga ulipita kwenye moshi ukamwangukia shavuni. Nikapiga. Picha ya maisha yangu!

Nikaiweka kwenye simu. Kwa watu wangu wa karibu tu! Kitufe cha kijani, pembeni kulia. Kumbe kwenye programu ile kijani kulia ni watu wa karibu, na kwenye hii nyingine, iliyoiga umbo na rangi na pembe, kijani kulia ni dunia nzima. Ni nani anayeiga kitufe halafu anabadilisha kazi yake?

Kule hemani Mzee Gerald alikuwa ndiyo kwanza amefungua kurasa zake. Akasema kwa huzuni kubwa kwamba wageni wamechelewa, Yvonne yuko Kanada, mwaka wa tatu sasa, anasomea theluji.

Simu zikaanza kulia. Hapa ti, pale ti.

Msemaji wa wageni, Mzee Sangwa, akavaa miwani. Akaitazama simu yake. Akainuka taratibu, akasema anamshukuru Mungu, maana Kanada imesogea sana siku hizi, iko nyuma ya jiko la Mama Daphrose, na burusheti za huko zinanukia mpaka hapa.

Hema lilipasuka kwa kicheko. Watu walilala mabegani kwa majirani wasiowajua. Mzee Gerald alibaki na kurasa sita na nusu mkononi, akizigeuza kama anatafuta mahali palipoandikwa la kufanya. Maneno ya saa mbili nzima yakaisha kwa dakika tisa. Nyama ilikuwa mbichi, wapishi walipanga moto kwa kufuata maneno ya mzee. Wageni mia mbili wakakaa wakitazamana na soda. Yvonne alipotoka hakuna aliyeshangaa. Mmoja alimuuliza kama ameshiba.

Alikuwa amelia. Picha zangu zote za kutoka kwake zina macho mekundu.

Mama Daphrose alinikabidhi begi langu tu. Heri angenigombeza.

Jumapili, 10 Agosti

Aidah ameniachia chai mezani bila kuniita. Kesho atakaa ofisini meza moja na Yvonne.

Harusi ya Septemba amepewa Silvère. Alikuja mwenyewe kuniambia, bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Sha, lakini ile picha ya burusheti! Mi nimeangalia mara kumi. Wewe iko fundi." Nikamwambia aondoke mlangoni kwangu.

Nimelaumu kitufe tangu jana. Nimelaumu programu, Mzee Sangwa na miwani yake, na mbuzi. Basi, hapa hakuna anayesoma, niseme. Watu wangu wa karibu kwenye ile orodha ya kijani hawakuwa watu. Alikuwa mmoja. Jana saa mbili asubuhi, kabla sijavaa suti, nilimwondolea Silvère kile kizuizi cha Jumatano. Niliapa mara mbili, na bado nilitaka aione yeye, kabla ya watu wote, aone wivu, aiige. Kitufe kilikosea watu wa kuonyeshwa. Kuonyesha nilitaka mwenyewe.

Nimemaliza. Mwandiko umetoka vizuri kweli, na mwanga wa dirishani leo ni mtamu. Nimeupiga picha ukurasa huu. Nitamwekea Yvonne peke yake, auone, anisamehe.

Kijani kulia. Au hii ndiyo ile nyingine?

Nimebonyeza.

Ti. Silvère ameipenda.

Ti. Mzee Sangwa.